Taa Nne Zenye Namba Moja: Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Redio ya Zamani

Tafsiri ninayokusudia kuihakiki hapa haikutoka katika kiwanda cho chote cha vitabu, wala haina jina la mtafsiri. Ni karatasi nne zilizopigwa taipu na kushonwa ubavuni kwa uzi, na kichwa chake ni "Maelekezo ya Kubadili Taa za Redio". Nilionyeshwa kwanza Iringa mjini, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyerithi redio ya bakelaiti kwa marehemu baba yake. Baadaye nikakuta nakala nyingine, yenye madoa ya risasi ya kulehemu, juu ya meza ya fundi redio karibu na soko la Mwanjelwa, Mbeya. Karatasi zilizokwenda zaidi ya kilomita 300 bila mchapishaji wala muuzaji zimekwenda kwa sababu zinahitajiwa. Kwa ajili hiyo hapana budi zipimwe kama tunavyopima kitabu.

Yafaa kuanza na haki ya mtafsiri. Huyu ni mtu anayekijua Kiswahili. Sentensi zake ni fupi na zinatembea. Hakuna mahali anapomlazimisha msomaji arudi nyuma kutafuta kitenzi. Anaposema "zungusha kitufe polepole hadi sauti itulie", kila aliyewahi kutafuta stesheni usiku anamwelewa. Laiti nyaraka zetu za ofisini zingeandikwa hivyo. Makosa yake ni ya namna nyingine, nayo ni makosa ya mtu aliyeijua lugha asikijue kitu kinachosemwa.

Huenda msomaji akauliza redio za vali zatuhusu nini leo. Transista ilibuniwa Marekani mwaka 1947, na Watanzania walipokusanyika kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya" mwaka 1973, redio iliyokuwa mbele yao aghalabu ilikuwa ya transista, yenye kutumia betri za tochi. Ni kweli. Lakini redio za bakelaiti hazikutoweka. Ziko juu ya makabati, chini ya vitambaa vya kufuma, kwa warithi wanaotaka zizungumze tena. Ni redio za namna hii zilizopokea Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, na nyingine zilikuwa bado zinafanya kazi jina lilipogeuka kuwa Radio Tanzania mwaka 1965. Anayetaka kuifufua mojawapo kwa Kiswahili ana karatasi hizi nne tu, kwa kadiri nilivyoona. Akipotoshwa, hana pa kusahihishia.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Redio ya mwalimu wa Iringa hutumia umeme wa ukutani, na ina vali tano: UCH42, UF41, UBC41, UL41 na UY41. Safu hii ilikuwa ya kawaida kabisa katika redio zilizotengenezwa Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika jedwali la mtafsiri wetu imeandikwa hivi: taa na. 42, taa na. 41, taa na. 41, taa na. 41, taa na. 41. Herufi zote zimeachwa. Nadhani alizidhania kuwa vifupisho vya jina la kiwanda, yaani jambo la muuzaji lisilomhusu msomaji, akabakiza tarakimu kwa kuwa tarakimu zina sura ya utaalamu. Mtu aweza kumsamehe dhana hiyo. Matokeo yake hayasameheki, maana vitu vinne tofauti vimepewa jina moja.

Utaratibu wa majina haya uliwekwa na viwanda vya Ulaya katika miaka ya 1930, nao ni wa kupendeza kwa mtu wa lugha. Herufi ya kwanza hueleza namna vali inavyopashwa joto. U ni ya vali zinazoungwa mfululizo katika mkondo wa miliampea 100. E ni ya volti 6.3; D ni ya betri ya volti 1.4. Herufi zinazofuata hutaja umbo la ndani, na kwa hiyo kazi: A na B ni diodi, moja au mbili, C ni triodi, F ni pentodi ya kukuza ishara ndogo, H huonyesha vali ya kuchanganya masafa, L ni pentodi yenye nguvu ya kusukuma spika, Y na Z hunyoosha mkondo. Baada ya hapo tarakimu ya kwanza hutaja kitako, na ile ya mwisho ni ya mfuatano tu. Kwa hiyo UBC41 husomeka kama sentensi: hupashwa joto kwa mfululizo wa miliampea 100, ina diodi mbili na triodi ndani ya chupa moja, na imesimama juu ya kitako cha pini nane. Mwanafunzi wa sarufi ataona kwamba jina hili limeundwa kama kitenzi chetu, ambamo kila kipande kina kazi yake. Mtafsiri amechukua "wamekwishanunua", akafuta mzizi, akatuachia viambishi.

Kile alichobakiza ndicho kisichoweza kuzitofautisha. Tarakimu 4 yatuambia kwamba vali hizi zina kitako kimoja, na kweli kila moja huingia katika tundu la mwenzake bila kugoma. Tena pini zinazopeleka umeme wa kupasha joto ni zile zile kwa zote, ya kwanza na ya nane. Fundi akiweka UY41, ambayo kazi yake ni kunyoosha mkondo, mahali pa UL41, ambayo kazi yake ni kusukuma spika, na hiyo nyingine akaiweka mahali palipobaki, zote tano zitapata joto na kung'aa kama kawaida. Redio itakuwa bubu, na mkondo mkubwa uliopata njia isiyo yake utapita katika transfoma ya spika hadi waya wake mwembamba uungue. Fundi wa Mwanjelwa ananiambia ndivyo ilivyomtokea mara ya kwanza alipolifuata jedwali hili. Vali zilikuwa nzima, naye aliziweka "na. 41" mahali pa "na. 41", kama alivyoagizwa.

Hapo ndipo neno taa nalo linapotuponza. Sidharau neno la watu. Aliyeifungua redio mara ya kwanza na kuona chupa za kioo zenye moto mwekundu ndani aliziita taa, wengine globu, na alikuwa na macho. Hata Wafaransa waliziita taa. Wajerumani na Wamarekani walitazama umbo la chupa, wakapata neno lenye maana ya bomba au neli. Waingereza walifuata jina alilolitoa John Ambrose Fleming huko London mwaka 1904, alipoona kwamba chupa yake hupitisha umeme upande mmoja tu, mfano wa vali ya pampu inavyozuia maji yasirudi. Hakuna katika hao aliyekosea kutazama. Lakini neno la kitaalamu halipimwi kwa uzuri wa picha yake peke yake. Lapimwa pia kwa jambo ambalo msomaji atalifanya akiisha kulisikia.

Taa humwambia mtu afanye nini? Humwambia atazame kama inawaka. Na mtafsiri wetu, akiwa mwaminifu kwa neno lake, ameandika katika ukurasa wa pili: "Taa isiyowaka imekufa, itoe uweke mpya." Sasa katika redio ya Iringa nyuzi za ndani za vali zote tano zimeungwa mfululizo, mmoja baada ya mwingine, kama shanga katika kamba moja. Uzi wa vali moja ukikatika, zote tano huzimika papo hapo. Msomaji wa karatasi hizi atatoa vali tano na kutafuta tano, ambazo siku hizi haziuzwi dukani, hali nne ni nzima. Mwalimu wangu alikuwa amekwisha kuzing'oa zote na kuziweka katika kopo la biskuti. Aliziita maiti.

Ukurasa wa tatu unahusu redio za betri, na huko mambo huwa mabaya zaidi. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa nchi ya redio za betri, kwa sababu nyaya za umeme zilikomea mijini. Jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma walitengenezewa mwaka 1949 redio ya vali nne katika sufuria ya alumini iliyopakwa buluu; bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake ilidumu saa 300 hivi. Vali za redio za namna hiyo zina uzi mwembamba mno wa volti 1.4, unaotumia miliampea 50 tu, na katika aina za baadaye miliampea 25. Uzi huo haung'ai kwa kuonekana. Mchana huoni kitu. Usiku, ukizima kila kibatari na kusogeza jicho karibu, huenda ukaona wekundu kidogo. Kwa kanuni ya "taa isiyowaka imekufa", kila redio ya betri yenye afya ina maiti nne ndani yake.

Namba nazo hazikumhurumia mtafsiri hapa. DK91, DF91 na DAF91 zimekuwa taa tatu za na. 91. Katika redio zile za miliampea 25, ambazo safu yake ni DK96, DF96, DAF96 na DL96, redio nzima imekuwa namba moja. Mahali pamoja tu tarakimu zimemwokoa, kwa bahati: DL92 na DL94. Hizi mbili hufanya kazi ile ile ya kusukuma spika, zina pini saba kila moja, na herufi zake ni sawa. Lakini gridi zake hazitoki kwenye pini zile zile, na moja haifanyi kazi katika tundu la nyingine pasipo kuhamisha waya. Kwa kuwa alibakiza 92 na 94, msomaji amesalimika. Yaonyesha kwamba hata tarakimu ya mfuatano haikuwekwa bure.

Pamoja na hayo, katika ukurasa huo huo kuna neno lililonifurahisha. Vali ya DK ameieleza kuwa ni "ya kuchanganya". Mtafsiri mwingine angeiacha katika Kiingereza au angeibebesha jina refu. Kuchanganya ndiyo kazi yake hasa: huchanganya masafa yanayotoka hewani na masafa inayoyazaa yenyewe, ili yapatikane masafa ya tatu ambayo redio huyakuza. Msomaji wa Mbeya alihitaji neno hili kuliko wa Dar es Salaam. Kutoka pwani hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na mchana mtu wa huku alitegemea masafa mafupi. Vali ya kuchanganya ikichoka, huanza kushindwa juu kabisa ya masafa mafupi, huku masafa ya kati yakiendelea kusikika. Mwenye redio husema stesheni imehama. Fundi asiyejua hubadili vali ya spika. Aliyelisoma neno "kuchanganya" na kulielewa ataigusa DK kwanza. Neno moja lililotafsiriwa kwa kazi yake limefanya kazi ya aya nzima.

Nakuja sasa kwenye kosa ambalo laweza kuua mtu. Katika ukurasa wa kwanza imeandikwa: "Kumbuka kwamba chesisi ni hai." Hiyo ndiyo sentensi nzima, na baada yake yanafuata maelezo ya kufungua skrubu. Nilimwuliza mwalimu ameielewaje. Akanijibu kwamba aliifurahia: chesisi bado ni nzima, haijafa kama taa zake. Ndivyo mtu ye yote angeelewa. Neno la Kiingereza lililokuwa mbele ya mtafsiri lina maana mbili, ya kuwa na uhai na ya kuwa na umeme, naye akaichukua ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotangulia katika kamusi. Redio hizi za herufi U hazina transfoma ya kuzitenga na umeme wa ukutani. Bati lote linalobeba vali limeungwa na waya mmoja wa umeme huo, na plagi ikigeuzwa, bati zima huwa na volti 230. Mtafsiri alipewa onyo kali kuliko yote katika maandishi yale, akatoa habari njema.

Mafundi wetu wana namna yao ya kusema jambo hili: "ina moto". Waya wa moto, upande wa moto. Kila mwanagenzi wa umeme hulijua. Wako watakaosema kwamba moto ni neno la mtaani na kwamba lachanganya umeme na mwako. Mimi nikiandikia kitabu cha shule ningesema "chesisi yenye umeme", na nikiandikia karatasi ya kubandikwa nyuma ya redio ningeandika "ina moto" bila kusita. Cho chote kati ya hivyo viwili kitamfanya mtu aurudishe mkono wake. "Hai" haitamfanya aurudishe.

Kosa hilo lina ndugu yake dogo, nalo ni kasha. Karatasi zinaliita "kasha la plastiki". Bakelaiti ni aina ya plastiki, kwa hiyo si uongo; iligunduliwa Marekani mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji. Lakini tofauti yake na plastiki ya ndoo ndiyo iliyoiweka katika redio. Bakelaiti ikiisha kukaushwa katika kalibu yake haiyeyuki tena kwa joto, wala haipitishi umeme. Redio yenye bati la moto na rezista inayochemka hukingwa na kasha hilo peke yake. Ndiyo maana hata skrubu ndogo za vitufe zilizibwa kwa nta, kidole kisifike kwenye chuma. Aliyelipasua kasha akaliunga kwa bati na misumari amefungua mlango wa mauti, na mwenye kusoma "plastiki" hana sababu ya kulijua hilo. Bakelaiti imekwisha kuingia midomoni mwa watu; sioni kwa nini ifichwe.

Juu ya "betri ya mvutano mkubwa" na "betri ya mvutano mdogo" sina mengi. Hakuna anayevuta kitu hapo. Tuseme betri ya volti 90 na betri ya volti 1.5, kama zilivyoandikwa juu ya maganda yake, maana volti 90 zikielekezwa kwenye nyuzi za vali za betri, nyuzi zote huungua katika kufumba na kufumbua.

Basi tushike lipi? Nashika vali, ingawa si kwa upofu. Linagongana na vali ya pampu, ya mpira wa baiskeli na ya moyo. Lakini sijamwona mgonjwa akimpelekea fundi redio moyo wake. Laeleza pia sifa moja tu ya kitu hiki, kwani katika vali ya kukuza sauti hatutafuti kule kupitisha umeme upande mmoja. Hata hivyo mafundi wanalitumia, wengine wakilitamka valvu, na halimwambii mtu atazame mwanga. Juu yake tuweke majina ya kazi kwa maneno yaliyo wazi: kichanganya masafa, kikuza masafa, kisukuma spika, na kwa kuwa tumezoea kusema mkondo geu na mkondo mnyoofu, kinyoosha mkondo. Herufi na tarakimu zilizo juu ya kioo zisiguswe kabisa. Hizo si maneno ya Kiingereza ya kutafsiriwa, wala si za lugha yo yote. Mjerumani na Mwingereza wanazisoma sawa na sisi.

Neno taa ningelibakizia nafasi moja katika redio hizi, yaani kwa kile kiglobu kidogo kinachoangaza kioo chenye majina ya miji. Hicho ni taa kweli. Na ile vali inayong'aa kijani na kufumba kadiri stesheni inavyokaa sawa, ambayo utaratibu wa Ulaya huipa herufi M, mwalimu wangu aliiita jicho. Sioni pa kuliboresha.

Lawama nyingine, niseme kweli, ni ya sisi tunaotengeneza orodha. Orodha zetu huweka neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia, na kumwacha mtafsiri akidhani kwamba kazi imekwisha pale mistari miwili inapokutana. Mtafsiri huyu angekuwa na orodha iliyosema, mbele ya neno lile lenye maana mbili, "katika mambo ya umeme: yenye umeme, ni hatari kugusa", asingeandika alichoandika. Mstari mmoja ungetosha, na ungetuchukua muda mfupi kuliko vikao tunavyofanya juu ya viambishi.

Lile kopo la biskuti tulilifungua asubuhi moja ya Julai, wakati Iringa ina baridi ya kutosha kumfanya mtu aone pumzi yake. Herufi za vali tatu zilikuwa zimefutika kwa vidole vya miaka mingi. Fundi mzee aliyekuja nami alizishika moja moja mbele ya dirisha na kuzipulizia. Ukungu ukakaa juu ya kioo pote isipokuwa palipokuwa na wino, na majina yakasomeka kwa nukta chache kabla ya kupotea: UF41, UBC41, UL41. Mwalimu aliyaandika kwa kalamu ya risasi kwenye kifuniko cha kopo. Kisha tukapima kwa mita kati ya pini ya kwanza na ya nane ya kila vali. Uzi uliokatika ulikuwa mmoja, wa UY41.